Mkaa wa Kibuyu, Mkaa wa Jerikeni

Mama yangu hakununua maziwa bila kuyatema kwanza. Alikuwa na kibanda cha maziwa kwetu, kwenye vilima vya Bonde la Ufa, na kila asubuhi wauzaji walipanga foleni na mitungi yao wakimwogopa kama wanafunzi wanaosubiri kusahihishiwa hesabu. Mama alichota kwa kikombe, akanusa, akashika funda kinywani huku akitazama mbali, kisha akatema kwenye nyasi. Hapo ndipo aliposema neno. "Haya yameongezwa maji." Au, "Haya ni ya jana, umeyachanganya na ya leo." Muuzaji akianza kuapa, Mama alimwambia asimwingize Mungu kwenye mtungi.

Alichokichukia kuliko vyote ni mursik ya uongo. Mursik ni maziwa yetu ya kuchachusha. Hutiwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijinga cha moto mpaka mkaa ukashika kwenye kuta zake, kisha yakaachwa humo siku kadhaa, moshi uyaingie polepole. Baadaye wakazuka watu wa haraka mjini, wakawa wanatia maziwa kwenye jerikeni ya plastiki, wanakoroga na unga wa mkaa, wanauza. Rangi ni ile ile. Mama alionja mara moja tu. "Huu ni mkaa wa jerikeni," alisema, na aliyeleta hakurudi tena kwetu.

Nayasema haya kwa sababu wenzangu wa kanisani hapa Muscat huniuliza, mtoto wa mama kama huyo, ambaye hataki hata keki yenye harufu ya pombe iingie kwake, alifikaje kwenye divai. Nilifika kwa pua. Nilikuja kufanya kazi ya kuhudumia meza kwenye mkahawa wa hoteli, moja ya hoteli zenye leseni ya kuuza pombe. Siku moja mgeni alirudisha chupa, nami nikiibeba kuelekea jikoni nikanusa, nikamwambia meneja inanuka katoni iliyolowa. Meneja, bwana mmoja wa Goa mwenye miwani ya kamba shingoni, akanusa naye, akakubali, na tangu siku hiyo akawa ananiita kunusa kila alichokitilia shaka. Yeye alidhani nina kipaji. Mimi nilijua nina mama.

Basi yule aliyekuwa mkuu wa divai akahamia Dubai, na nafasi ikabaki wazi. Hapa lazima niseme wazi kilichokuwa moyoni mwangu, maana bila hicho mengine yote ni porojo. Mhudumu wa meza, kwa mshahara wake, hapewi kibali cha kuleta mtoto Oman. Mkuu wa divai hupewa. Binti yangu nilimwacha kwa mama yangu akiwa bado anapoteza meno ya utoto, na sasa sauti yake kwenye simu ilikuwa imeanza kuwa ya mtu mzima. Nilikuwa nikimsikia akikua kama mtu anayesikia redio ya jirani kupitia ukutani. Nilitaka ile nafasi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Mama sikumwambia habari za divai. Nilimwambia nafanya kazi ya chakula.

"Chakula gani?" aliuliza.

"Cha hoteli, Mama."

"Unapika?"

"Napeleka mezani."

Akanyamaza. Ukimya wa mama yangu naujua. Ndio ule aliokuwa nao funda likiwa kinywani, kabla ya kutema.

Mwaka huo wenye hoteli wakaamua mkahawa uwe na divai nyekundu za Marekani. Wageni walikuwa wakiziulizia, na tulikuwa na za Ufaransa na Italia tu, na moja ya Afrika Kusini ambayo meneja aliipenda kwa bei yake. Meneja akaniambia nitakaa naye kuonja na kuchagua, na kwamba ofisi itanitazama. Alisema "itakutazama" huku akitabasamu. Mimi mtu akitabasamu wakati wa kutaja ofisi, naanza kutafuta mlango uko wapi.

Muuzaji alikuja asubuhi moja ya mwezi wa joto kali. Alikuwa kijana nadhifu, na viatu vyake havikuwa na vumbi hata chembe, jambo ambalo Muscat si la kawaida. Alipanga chupa zake mezani, moja ikiwa na picha ya farasi anayekimbia, imechorwa kwa rangi ya dhahabu. Chupa hiyo ilikuwa nzito kiasi cha kutosha kumpigia mwizi. Hakuacha kuigusa. Kila alipotaja nyingine, mkono ulirudi kwa farasi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nikajisemea, na nikaanza kumshuku farasi kabla hata hajafunguliwa.

Mwisho wa meza, karibu na dirisha, alikaa mama mmoja wa idara ya ununuzi. Yeye ni Mwomani wa asili ya Unguja, mtu wa heshima zake, abaya yake haina mkunjo. Divai haigusi wala haisogelei, lakini hakuna kitu kinachonunuliwa hotelini bila yeye kuwepo kinapochaguliwa. Alikuja na chupa yake ya kahawa na kisahani cha tende mbichi za manjano, akakaa, akanitazama. Si meneja aliyemtazama, si muuzaji. Mimi. Nilipoinua glasi alinitazama, nilipoinamia ndoo kutema alinitazama. Nikaona ndiyo hiyo ofisi.

Tulianza na Pinot Noir ya Oregon. Ilikuwa nyepesi, rangi ya biitiruti iliyochemshwa mara ya pili, na harufu ya udongo ulionyeshewa na uyoga. Nikaipenda, na kwa kuwa niliipenda haraka nikaishuku, nikairudia baada ya zingine. Bado ilikuwa nzuri. Zinfandel ya Kalifornia ilinijia kama jemu ya plamu iliyosahauliwa motoni, tamu mbele, kali nyuma, aina ya mtu anayekuchekea mlangoni halafu anakaa mpaka usiku. Merlot haikusema kitu, nami sikuiuliza. Ikaja Cabernet moja yenye karatasi nyeupe tu na maandishi madogo, ambayo muuzaji aliipita kama anayepita kaburi la mtu asiyemjua. Nilipoinusa nilisimama kidogo. Zambarau zilizoiva. Ngozi ya kiatu kipya. Na chini kabisa, kwa mbali, kibuyu.

Nilijua kwamba mapipa ya mwaloni huchomwa ndani kwa moto kabla ya kutiwa divai. Nilikuwa nimesoma. Lakini kusoma ni kitu kingine. Nilishika lile funda kinywani nikatazama dirishani, na nikajiona nafanya vile vile alivyofanya mama yangu, mpaka shingo. Ulimi ulikaukiwa, fizi zikashikana, kisha utamu ukaja taratibu. Nikatema, machozi yakinilengalenga. Nilimkumbuka binti yangu kwa ghafla kiasi kwamba nilijifanya nakohoa.

Halafu akaletwa farasi. Moshi ulianza kunifikia glasi ikiwa bado mezani. Vanila, kahawa, moshi, moshi tena. Nilionja, na mdomoni ikawa laini mno, tamu kidogo, moshi umekaa juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Nilijua hapo hapo. Huu haukuwa mkaa wa pipa lililokaa na divai yake. Mtu alikuwa ametia vipande vya mbao zilizochomwa kwenye tangi la chuma, akakoroga, akachora farasi.

"Hii!" meneja alisema, akiinua glasi kwenye mwanga. "Hii ndiyo. Wageni wataipigania."

Muuzaji akamkubalia kwa kichwa. Wakatazamana. Nikaona wanavyotazamana.

"Wewe unasemaje?" meneja akaniuliza.

Kumkatalia bosi wako kitu anachokipenda, wakati yeye ndiye anayeulizwa kama unafaa cheo, ni ujinga. Nikasema ina moshi mzuri. Nikasema tu hivyo. Meneja akasema tutaonja tena wiki ijayo kabla ya kuamua, na tutakwenda mtaa wa Ghala kuona wanakohifadhi chupa zao.

Muuzaji alipokuwa akifunga vitu vyake, yule mama wa ununuzi aliniita kwa kidole.

"Mwanangu, weye nnakuona unatema tu. Kwani dawa hiyo?"

"Hapana Mama. Ni kazi. Ukimeza zote hutajua unachoonja."

"Haya. Na ile nyeupe, yenye karatasi nyeupe, ilikufanya uso hivi." Akakunja uso wake mzuri akaniigiza. "Ilikuwa na nini?"

Nikatafuta neno. Kwa Kiingereza nilikuwa nalo, la kitabuni. Kwa Kiswahili cha kwetu sikuwa na kitu. "Inakausha mdomo," nikasema. "Ni kama... inashika."

"Ukakasi," akasema.

"Nini?"

"Ukakasi. Hulijui? Kama bibo la mkorosho. Mamangu alizaliwa Unguja, alikuwa akisema bibo tamu lakini lina ukakasi, ukila mengi ulimi unakuwa kama kitambaa. Hebu onja hichi." Akanisogezea kisahani. "Hii khalaal, tende haijaiva bado. Baadhi yake zinakakasa. Tafuna."

Nikatafuna. Fizi zikashikana vile vile. Lilikuwa jambo lenyewe, hakika kabisa, limekaa kwenye kisahani cha mama asiyegusa divai. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilitoka pale nikijiuliza huyu mama amejuaje divai inafanya nini mdomoni, na kwa nini alikuwa akinisoma uso. Mtu akikusoma uso anatafuta kitu.

Tulikwenda Ghala mimi na yeye, kwa gari lake, meneja alikuwa na mkutano. Ghala ni gereji na mabohari, vumbi na malori, na joto la siku ile lilikuwa linapanda kutoka kwenye lami. Nilikuwa na shaka yangu tayari. Divai ikipikwa na joto boharini, huwa inasukuma kizibo juu, na inakuwa na ladha ya matunda yaliyochemshwa. Nilipanga kushika kila katoni kwa kiganja. Njiani yule mama alinihadithia kwamba yeye amezaliwa Oman lakini Kiswahili amekinyonya, na wanawe sasa wanamjibu kwa Kiarabu na Kiingereza, akiwasemesha wanacheka.

"Nawe una mwana?" akaniuliza.

"Binti. Yuko Kenya na mama yangu."

"Ana miaka mingapi?"

Nikamwambia. Akaguna. Nikajuta kumwambia, maana mtu akijua unachokitaka, amejua pa kukushika.

Bohari lilikuwa baridi. Nilishika katoni za mbele, za nyuma, za chini, za karibu na mlango. Baridi zote. Vizibo vimekaa sawa. Kwa hiyo nikashuku kwamba wamewasha mitambo asubuhi ile kwa kuwa walijua tunakuja, nikaenda kumtafuta mlinzi nimuulize. Nilipozunguka nyuma ya rafu ndipo nilipomsikia mama wa ununuzi. Alikuwa upande wa pili, anazungumza na simu, Kiarabu na Kiswahili vikipishana kama wafanyavyo watu wa nyumba zile. Nilijua anazungumza na mkubwa wa wafanyakazi, naye mtu wa asili ya Unguja, kwa sababu alimtaja kwa cheo. Kiarabu kirefu. Halafu:

"Huyu wa Kenya ana ulimi, wallahi."

Kiarabu tena. Akacheka.

"La, la. Hafai kuachwa pale alipo. Hafai kabisa."

Kiarabu. "Khalas."

Nilisimama nimeshika katoni mpaka vidole vikafa ganzi. Kwetu mtu akisemwa ana ulimi, ni mchongezi, mwenye maneno. Na mimi maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimemwambia mwenzangu mmoja wa kuhudumia meza kwamba meneja na yule muuzaji wanachekeana mno, na kwamba yule farasi ana jambo nyuma yake. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Limefika ofisini, nikajua. Nitaondolewa. Labda nirudishwe kwenye kifungua kinywa kupanga mayai, labda mkataba wangu usiongezwe kabisa. Kurudi kutoka Ghala sikufungua mdomo, na yule mama akanipa tende, na nikaikataa.

Jioni yake nikiwa chumbani kwangu mtaa wa Hamriya, Mama akapiga. Kabla hatujasalimiana vizuri binti yangu akanyakua simu.

"Mum, nakuja lini? Nimeambia wasichana wote darasani."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba nakuja Muscat. Si ulisema?"

"Nilisema tuombe."

"Mimi naomba. Wewe fanya ile ingine."

Mama akachukua simu yake. "Hii kazi ya chakula," alisema, "mbona siku hizi unaongea kama mtu aliyejiuma ulimi?"

Nikalia. Nilikuwa na hasira na yule mama mwenye abaya, na farasi, na meneja, na mimi mwenyewe niliyesema ina moshi mzuri. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa nimejikwaa mara mbili, mara ya kwanza kwa kusema na ya pili kwa kunyamaza. Nikaona basi, kama nafasi imekwisha kwenda, angalau niende nimesema.

Siku ya kuonja mara ya pili nilivaa sare yangu safi kama mtu anayekwenda mahakamani. Chupa zikafunguliwa. Muuzaji akanimiminia farasi kwa mkono wake mwenyewe, nyingi kuliko ya kawaida. Nikainusa, nikaonja, nikatema.

"Hii siitaki," nikasema. "Moshi wake umetiwa. Si wa pipa. Mbao zimechomwa zikatupwa ndani, na sukari imeachwa ndani ili usiugundue."

Muuzaji akacheka, si vibaya. Meneja akavua miwani, ikaning'inia. Hakuonekana kushangaa, na hilo ndilo lililonichoma. Akasema kwamba bila shaka ni mbao, kwa bei ile unategemea nini, nusu ya divai za Marekani za meza hufanywa hivyo na si siri, si wizi. Akasema wageni hawanywi pipa, wanakunywa wanachokipenda. Na akasema, kwa upole, kwamba mimi nimekuja kuchagua divai, sikuja kukamata wezi.

Nilitamani kumwambia kwamba kwetu ni kitu kimoja. Badala yake nikasema kama farasi lazima aingie, basi aingie na ile ya karatasi nyeupe pia, na Pinot ya Oregon, na kwamba mgeni atakayeniuliza nitamwambia ukweli wa kila moja. Meneja akavaa miwani yake tena. Kisha akamgeukia muuzaji wakaanza kuzungumza bei, na mimi nikabaki nimesimama kama kiti.

Nikaenda dirishani. Kama ni kufa, nife nimejua.

"Mama," nikamwambia yule wa ununuzi, "nilikusikia kule Ghala. Ulimwambia mkubwa wa wafanyakazi kwamba nina ulimi."

"Ndiyo nimemwambia."

"Na kwamba sifai kuachwa pale nilipo."

"Ndiyo. Hufai." Akaweka kikombe chini. "Mbona umenuna? Mie nnasema kweli. Miaka yangu yote hapa nimeona watu wanakunywa wanasifu, wanakunywa wanasifu. Sijaona mtu anatia kitu mdomoni na uso wake unasema kweli. Nikamwambia huyu ana ulimi, kumwacha abebe sahani ni dhulma, mpandishe."

Alinitazama, halafu taratibu akaelewa, na kicheko kilipomjia alishika abaya yake kifuani.

"Ati ulidhani ulimi wa kusengenya! Mwanangu, huo ungekuwa nao ningesema ana mdomo!" Akafuta macho kwa ncha ya shungi. "Yarabi. Na khalaal yangu ukaikataa kwa hayo?"

Ningependa kuandika kwamba nilicheka naye na shaka ikanitoka siku hiyo. Nilicheka, ndiyo. Lakini nilipofika jikoni nilikuwa tayari najiuliza kwa nini ameniambia kwa urahisi hivyo, na atataka nini baadaye. Mpaka leo hajataka kitu. Huniletea khalaal kila msimu, nami huzitafuna, na bado nangoja.

Cheo nilipata. Meneja ndiye aliyenipa habari, akatabasamu vile vile, na safari hii sikutafuta mlango. Farasi naye aliingia, na lazima nikiri wageni wanampenda. Wakiuliza, nawaambia. Wengi wanasema asante, wanamwagiza tena.

Mambo ya kumleta binti yangu yalichukua muda, lakini yalikwisha. Mama nilimwambia nimepandishwa, na akaniuliza umepandishwa kuwa nini, nikasema msimamizi. Wa nini? Wa vinywaji. Akasema, "Soda?" Nikasema na soda pia. Ule ukimya ukaja tena, ukakaa kati yetu, kisha akasema atampakia mtoto sweta. Sweta, Muscat.

Na hili nalo niliseme, maana nimewasema wengine wote. Mimi hutema. Lakini mtu anayeonja kazini akikuambia hakuna tone linalopita, mshuku. Ulimi una mteremko. Sijawahi kulewa, sijawahi kujimiminia glasi ya kunywa, ila sikuwahi kuweza kumwambia mama yangu kwamba sijui ladha ya divai ikipita kooni. Hicho ndicho nilichokuwa nikikificha nyuma ya neno chakula.

Siku aliyofika binti yangu niliomba ruhusa ya mchana. Asubuhi ilibidi nifungue chupa za ile Cabernet ya karatasi nyeupe, mzigo mpya ulikuwa umeingia na sikuuamini mpaka nionje. Ilikuwa sawa. Nikasukutua mdomo, nikapiga mswaki, nikasukutua tena, nikatafuna karafuu, nikaenda uwanja wa ndege nikiwa nimevaa gauni la kanisani.

Alitoka na wasafiri wa mwisho. Nilimtambua kwa mwendo, kwa sababu ni mwendo wa mama yangu. Alikuwa mrefu kunizidi kidogo, sweta mkononi, begi kubwa la mgongoni limemvuta mabega. Nilikimbia. Sikujali watu. Nilimkumbatia mpaka nikasikia mifupa yake, na kwa muda alinikumbatia naye, kwa nguvu. Kisha akaniweka mbali kidogo kwa mikono yote miwili.

"Ngoja, Mum. Kogo amesema nikunuse kwanza."

Kogo ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Nikasimama. Watu wa teksi walikuwa wakitupita, na familia moja ilikuwa imesimama karibu, maua mikononi.

"Fungua mdomo," akasema binti yangu.

Nikafungua. Akasogea, akanusa taratibu, macho akiyapeleka mbali juu ya bega langu. Nilimjua mtu huyo. Nilikuwa nimesimama mbele yake maisha yangu yote na mtungi mkononi.

"Unanuka kibuyu," akasema.

"Kibuyu cha kweli au cha jerikeni?"

Akafikiri. Hakutabasamu.

"Bado sijajua," alisema, akavua begi lake akanipa nibebe.